Bunduki ya Kiasi Kimoja: Habari za Wawindaji wa Kale na Nchi ya Rungwe

Habari nitakazowasimulia leo ni za bunduki, lakini si za vita hasa. Ni habari za mwindaji, mtu aendaye kwa miguu yake, na swali alilojiuliza kabla ya kutoka nyumbani: nichukue bunduki gani? Siku hizi swali hilo ni la watu wachache wenye vibali. Lakini kwa muda wa miaka hamsini hivi, tangu yapata 1870 mpaka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, lilikuwa swali la uhai na mauti katika nchi hizi, na majibu yake yalitolewa mbali sana, katika viwanda vya Birmingham na Bristol, na katika mkutano wa Brussels, na watu wasioijua njia ya kutoka Tukuyu kwenda ziwani.

Tuanze na njia hiyo. Mji wa Tukuyu uko juu, zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, chini ya mlima Rungwe ambao kilele chake kinakaribia meta 3,000. Ziwa Nyasa liko chini, kama meta 475. Basi mtu ashukaye kutoka Tukuyu kwenda Kyela, iliyokuwa zamani sehemu ya wilaya ya Rungwe, hushuka zaidi ya kilometa moja kwa wima, akivuka vijito visivyohesabika viendavyo katika mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Udongo ni mwekundu na wa kuteleza, migomba ni mingi, nyasi ni ndefu, na mvua ni nyingi kuliko karibu mahali pote pengine katika Tanzania. Mwindaji apitaye huko akiwa na bunduki ndefu huinasa katika matete kila hatua. Akiwa na bunduki nzito, huichukia kabla ya adhuhuri. Akiwa na bunduki isiyovumilia maji, ni afadhali angechukua fimbo.

Na bunduki iliyojulikana kwanza ndiyo ile isiyovumilia maji. Nasema gobori, ile ya kushindiliwa kwa mdomo. Mwenye gobori humimina baruti ndani ya mtutu, hutia kitambaa, hushindilia kwa mdeki, hutia risasi, hushindilia tena. Hayo yote huyafanya akiwa amesimama wima, na mnyama yuko mbele yake. Kisha kuna shauri la kuwasha moto. Katika bunduki za gumegume jiwe hupiga chuma, na cheche huanguka katika kisahani kidogo chenye unga wa baruti nje ya mtutu. Tone moja la mvua likiingia katika kisahani, kazi imekwisha. Baadaye zilikuja bunduki za fataki, yaani kikombe kidogo cha shaba chenye dawa ndani yake, nazo zilikuwa bora sana wakati wa mvua. Nawaombeni mkumbuke tofauti hiyo ya gumegume na fataki, maana nitairudia.

Wazee wa Kinyakyusa walikuwa watu wa mkuki na ngao. Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti aliyepita katika nchi yao mwaka 1879, aliisifu mno kwa migomba yake na nyumba zake safi, hata akaifananisha na nchi ya raha isimuliwayo na washairi wa kale. Thomson alipewa uongozi wa safari ile kwa msiba. Mkubwa wake, Keith Johnston, alifariki kwa ugonjwa mahali paitwapo Behobeho, karibu na mto Rufiji, na Thomson, mwenye miaka 21, akaendelea mpaka Nyasa. Jina hilo la Behobeho tutalisikia tena.

Sasa natoka kidogo Rungwe, niende nje kuonyesha bunduki mpya ilivyozaliwa. Mwaka 1866 jeshi la Kiingereza lilitwaa magobori yake ya Enfield, likayakata nyuma ya mtutu, likayatia mlango wa chuma uliobuniwa na Mmarekani, Jacob Snider. Tangu hapo askari hakushindilia tena. Alifungua mlango, akatia kiasi, yaani ganda lenye fataki, baruti na risasi pamoja, akafunga, akalenga. Mwaka 1871 ikaja Martini-Henry badala ya Snider, na mwaka huo huo Wajerumani wakachagua bunduki ya kwanza ya ndugu wawili wa ukoo wa Mauser. Mwaka 1872 Mskoti aitwaye John Farquharson aliandikisha mtambo wake, ambao fundi George Gibbs wa Bristol aliutengeneza vizuri sana kwa ajili ya wawindaji. Zote hizi zilikuwa bunduki za kiasi kimoja. Ukipiga mara moja, lazima utie kingine kwa mkono.

Katika Martini-Henry kuna mkono wa chuma chini, nyuma ya kifyatulio. Ukiushusha, gogo la chuma lililoziba nyuma ya mtutu hushuka nalo, na ganda tupu hutupwa nje. Ukitia kiasi kipya na kuupandisha mkono, mtambo umekwisha kutegwa. Mauser ya 1871 ilikuwa na komeo la kuvuta na kusukuma, lakini haikuwa na kitu cha kulitupa ganda nje. Mpigaji aliiinamisha bunduki upande ili ganda lianguke. Ndani ya mitutu hiyo kulichongwa mifuo ya kuzunguka, ili risasi izunguke iendapo na kufuata njia iliyonyoka. Risasi ya gobori haizunguki, nayo ikivuka hatua hamsini au sitini haina ahadi.

Labda mtauliza: kwa nini kiasi kimoja, hali bunduki za viasi vingi zilikwisha kuwako huko Marekani? Zilikuwako kweli, lakini viasi vyake siku zile vilikuwa vifupi na dhaifu, vya kufaa kumpiga paa au mtu, si nyati. Gogo zima la chuma la Martini au la Farquharson liliweza kuzuia nguvu ya baruti nyingi. Tena kuna faida nyingine ambayo mtu haitambui mpaka aishike bunduki yenyewe. Kwa kuwa gogo lile hushuka chini badala ya kurudi nyuma kama komeo, bunduki nzima huwa fupi wakati mtutu wake ni mrefu ule ule. Katika matete ya Kyela shibiri moja ni kitu kikubwa.

Ushahidi bora wa jambo hili ni maisha ya Frederick Courteney Selous. Kijana huyu wa London alifika Afrika ya Kusini mwaka 1871, akiwa na miaka 19. Mwaka uliofuata alikwenda kwa Lobengula, mfalme wa Wamatebele, kuomba ruhusa ya kuwinda ndovu. Mfalme akamcheka, akamwuliza kama hakuja kuwinda vijipaa, kwa maana alimwona mtoto. Akampa ruhusa kwa mzaha. Selous hakuwa na fedha nyingi, na bunduki yake nzuri ilikwisha kuibwa. Akanunua magobori mawili ya bei nafuu, kila moja pauni sita, yenye mtutu mpana na mlaini usio na mifuo. Risasi yake moja ilikuwa na uzito wa wakia nne, yaani nne kwa ratili moja. Bunduki yenyewe ilipata ratili 12 au 13. Kwa kuwa mbung'o waliwaua farasi katika nchi ya ndovu, aliwinda kwa miguu, na mfuko wa baruti ubavuni. Aliingiza mkono, akateka konzi ya baruti, akaimimina ndani ya mtutu. Kwa magobori hayo aliua ndovu 78 katika miaka mitatu.

Mtu akisikia hesabu hiyo atadhani gobori lilitosha. Lakini Selous mwenyewe aliandika baadaye kwamba angalitamani asiyaone kamwe. Kila alipopiga, bunduki ilimsukuma kwa nguvu isiyo kiasi, hata ikamharibia utulivu wa mkono na macho kwa miaka iliyofuata. Siku moja bunduki haikuwaka. Mchukuzi wake, bila kutambua, akaishindilia mara ya pili juu ya baruti ya kwanza, akamrudishia. Selous akalenga ndovu, akafyatua. Baruti zote mbili zikawaka pamoja, zikamwinua kutoka ardhini na kumtupa chini, bega limeumia, bunduki imekwenda mbali naye. Kosa hilo si rahisi kutokea katika bunduki ya kiasi. Ukifungua nyuma unaona mara moja kama mna kitu au hamna.

Basi baadaye Selous aliiacha mizigo ile, akachukua Farquharson ya Gibbs, ya kiasi kimoja, iliyotobolewa inchi 0.45 na kidogo. Linganisheni uzito. Risasi moja ya gobori lake ilikuwa gramu 113. Risasi ya Martini-Henry, inayokaribiana na ile ya Gibbs, ilikuwa gramu 31, na baruti yake gramu tano na nusu. Kwa uzito wa risasi moja ya zamani sasa mtu alichukua zaidi ya tatu, nazo zilikwenda mbali zaidi na kupenya zaidi. Mpagazi wa safari alichukua mzigo wa ratili 60 hivi, na kila ratili ya risasi ilikuwa ratili ya mchele iliyobaki nyuma.

Mafundi wengine walitengeneza bunduki za kufunguka, mtutu ukatoka katika tako lake, vyote viwili vikalala katika mfuko mfupi wa ngozi. Ni kitu kizuri kwa msafiri wa merikebu au wa gari la moshi. Kwa mwindaji wa milimani sina hakika. Kiungo kikilegea, shabaha hupotea bila mwenyewe kujua, na bunduki iliyo katika mfuko haimsaidii mtu aliyekutana na nyati katika kona ya njia. Nadhani bunduki ya kuchukulika ni ile ambayo mtu huichukua mwenyewe begani mwake tangu asubuhi mpaka jioni bila kumpa mwingine. Wawindaji wangapi wameona mchukuzi wao akipanda mti pamoja na bunduki!

Haya, zikaja siku za baruti isiyo moshi, iliyoanza Ufaransa mwaka 1886, na bunduki nyembamba za viasi vingi kama Lee-Metford. Kila mtu akasema kiasi kimoja kimekufa. Lakini sikilizeni habari za Arthur Neumann, Mwingereza aliyewinda ndovu upande wa kaskazini wa Kenya. Mwanzoni mwa mwaka 1896, karibu na Ziwa Rudolf, ambalo leo huitwa Turkana, ndovu jike alimjia mbio. Neumann alikuwa na Lee-Metford mkononi. Akavuta komeo, akasukuma, akafyatua, akasikia mlio mdogo wa chuma tu. Kiasi hakikuingia. Ndovu akamwangusha, akamchoma mkono kwa pembe, akamvunja mbavu. Alipona baada ya kulala kwa muda mrefu. Bunduki yenye viasi tele ndani yake haikumpa hata kimoja, na yeye hakuona kwamba mahali pa kiasi palikuwa patupu.

Wala nisiwadanganye kwa upande wa pili. W. D. M. Bell, Mskoti aliyepata baadaye sifa ya kuua ndovu zaidi ya elfu moja, alianza kazi Afrika akiwa kijana mdogo, kuwinda simba waliowala wajenzi wa Reli ya Uganda. Alikuja na bunduki ya kiasi kimoja iliyotengenezwa na Fraser wa Edinburgh. Ilikuwa nyepesi na nzuri, lakini viasi vyake vilikuwa vya baruti mpya yenye nguvu, na katika joto la nchi ganda tupu lilikwama ndani ya mtutu likakataa kutoka. Mtu mwenye kiasi kimoja na ganda lililokwama hana bunduki, ana rungu. Tangu hapo Bell alitumia zaidi bunduki za viasi vingi, ndogo na nyepesi, akitegemea kujua vizuri ulipo ubongo wa ndovu. Lakini hata yeye, aliposafiri kwenda Klondike kutafuta dhahabu, alichukua Farquharson ndogo.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa na kampuni ya tano ya askari wao huko Masoko, karibu na ziwa lile la duara lililo katika shimo la volkano, safari fupi kutoka Tukuyu, ambayo wao waliiita Neu Langenburg. Vita vilipoanza, kampuni nyingi za askari wa Afrika zilikuwa bado zina Mauser ile ile ya 1871, ya kiasi kimoja na baruti nyeusi. Mwindaji akipiga baruti nyeusi hukaa kidogo, au huruka kando, aone mnyama kupitia wingu la moshi. Askari akipiga, adui huona wingu na hulenga chini yake. Tarehe 9 Septemba 1914 jeshi lililotoka Neu Langenburg liliwashambulia Waingereza huko Karonga, likashindwa na kurudi kuvuka mto Songwe. Mwisho wa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliingia Tukuyu. Wazee wa Masoko husimulia mpaka leo kwamba Wajerumani walitupa mali na silaha zao ziwani.

Na Selous? Vita vilipofika alikuwa mzee, lakini aliomba kuingia jeshini, akapewa cheo cha kapteni. Tarehe 4 Januari 1917, akiwa na miaka 65, aliuawa kwa risasi ya askari wa upande wa Wajerumani huko Behobeho, pale pale alipofia Keith Johnston. Kaburi lake limo leo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka katika pori lililokuwa likiitwa kwa jina lake.

Mpaka hapa nimesema habari za wageni. Je, mwenyeji wa Rungwe alichagua bunduki gani? Jibu ni fupi: hakuachiwa kuchagua. Mwaka 1888 balozi wa Kiingereza wa Unguja, Euan-Smith, alikisia kwamba bunduki 80,000 mpaka 100,000 za kila namna zilikuwa zikipita Unguja kwenda bara kila mwaka. Bunduki hizo zilifanya maovu makubwa. Katika Oktoba 1887, ng'ambo ya Songwe, watu wa Mlozi, mfanya biashara wa pembe na watumwa, waliwaangukia Wangonde penye ziwa dogo la Kambwe karibu na Karonga. Wangonde walikuwa na mikuki. Wengi waliuawa katika matete au walikamatwa, na waliopona wakakimbilia kaskazini kwa jamaa zao Wanyakyusa. Kampuni ya Kiingereza ya biashara ya ziwani ilipigana na Mlozi kwa miaka, na Kapteni Lugard, aliyeongoza shambulio la Juni 1888 juu ya boma lake, alipigwa risasi iliyopita mikono yote miwili. Mlozi hakukamatwa mpaka Desemba 1895.

Kwa sababu ya mambo kama hayo mataifa yalikutana Brussels, na tarehe 2 Julai 1890 yakaweka mkono katika mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na sheria ya silaha kwa sehemu yote ya Afrika iliyo kati ya digrii 20 za kaskazini na digrii 22 za kusini. Bunduki za viasi na zote zenye mifuo zilikatazwa zisiuzwe kwa watu wa nchi. Mzungu msafiri aliweza kupata cheti cha kuchukua yake. Zilizoruhusiwa kuuzwa ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo, na baruti ya kawaida.

Nawaulizeni: mnaikumbuka gumegume na kisahani chake? Katika nchi yenye mvua nyingi kama Rungwe, mkulima aliandikiwa katika sheria bunduki ile ambayo mvua huizima. Sikatai kwamba sheria ilikuwa na sababu njema. Mtu aliyeona Kambwe angeitaka. Lakini sheria hiyo haikumtenga mwuza watumwa na mwenye shamba. Wote wawili iliwahesabu kuwa watu wa nchi. Wissmann alipofika kaskazini ya Nyasa mwaka 1893 kuweka boma la Kijerumani, na alipotoa amri yake ya wanyama wa pori mwaka 1896, iliyomtaka mwindaji awe na cheti, tofauti ilikuwa imekwisha kukaa: mwenye Mauser huwinda, na mwenye gobori hulinda.

Waingereza walipoitwaa nchi walianzisha idara ya wanyama, na Bwana Swynnerton akawa mkuu wake wa kwanza. Gobori likabaki bunduki ya kijijini, kwa kibali. Simba walipowala watu wengi katika nchi ya Njombe, jirani na Rungwe, msiba ule ulidumu miaka mingi, mpaka bwana wa wanyama George Rushby alipotumwa na serikali mwaka 1946. Yeye na askari wake waliua simba 15 kabla mauaji hayajakoma.

Kwa mkulima wa bondeni kazi ilikuwa ile ile ya kila msimu. Mpunga na mahindi yakikaribia kuiva, hujenga dungu shambani, hupanda jioni na gobori lake, hufunika mtambo kwa kipande cha ngozi ili umande usiingie, na huketi. Naye ana risasi moja tu, kama Selous na Farquharson yake. Lakini Selous aliweza kumpiga mnyama akiwa mbali, akatia kiasi cha pili katika muda wa pumzi mbili. Mwenye dungu husikiliza nguruwe wakila kutoka mpakani mwa shamba, safu kwa safu, wala hapigi. Hungoja mpaka wafike hatua kumi.